Supakaa zilizodharauliwa bure, na raha ya gari kali ilipo

Msomaji mmoja ameniandikia hivi: "Shikamoo mtaalamu. Kila nikiingia mtandaoni ni Ferrari, Lamborghini na Bugatti tu. Nataka kujua ni supakaa zipi kali kweli ambazo watu wanazidharau, na kwa nini wanazidharau. Na kingine, hivi raha ya hizi gari iko wapi hasa, maana barabara ya kukimbia 300 hamna?"

Marahaba mdogo wangu. Umeuliza maswali mawili ila mi naona jibu ni moja ndo maana nitayachanganya humu humu. Gari nyingi zilizodharauliwa hazikudharauliwa na watu waliozikalia wakaziendesha, zilidharauliwa na watu waliosoma karatasi: silinda ngapi, hp (nguvu za farasi) ngapi, nembo gani iko kwenye boneti, basi, kesi imeisha. Na raha ya gari kali ndo kitu hasa ambacho karatasi haina pa kukiandika. Ukielewa hapo utaona kwa nini gari moja inasifiwa miaka 30 na nyingine bora kuliko hiyo inapita kimya.

Nianze na Jaguar XJ220 maana hiyo ndo imeonewa kuliko zote. Mwaka 1988 kwenye maonyesho ya magari Birmingham, Jaguar walileta gari ya mfano ambayo mainjinia wao chini ya Jim Randle walikuwa wanaitengeneza nje ya muda wa kazi, jioni na wikiendi, kwa mapenzi yao tu. Ilikuwa na V12 (injini ya silinda 12) ya lita 6.2, inavuta tairi zote nne, milango inafunguka kwenda juu. Hiyo 220 kwenye jina ndo spidi waliyoilenga, maili 220 kwa saa, kama kilomita 354. Watu walipagawa, na baadae matajiri wakaweka amana ya pauni 50,000 kila mmoja kwa gari ambayo bado haijatengenezwa.

Halafu 1992 gari inatoka, V12 hamna. Ndani kuna V6 ya lita 3.5 yenye tabo mbili (tabo ni kifaa cha kusukuma hewa zaidi ndani ya injini), inavuta nyuma tu, milango ya kawaida kama ya gari yoyote. Bei nayo imepanda mno tofauti na walivyoambiwa mwanzo, na uchumi wa dunia wakati huo umeyumba, kwaiyo wale waliotaka kununua ili wauze kwa faida wakajikuta wamekwama, wengine wakaishia mahakamani wakitaka kujitoa kwenye mikataba. Toka siku hiyo XJ220 ikabaki na sifa ya gari ya ahadi hewa. Zikatengenezwa kama 280 hivi na nyingi zilikaa muda mrefu bila mnunuzi.

Sasa itazame hiyo V6 yenyewe. Asili yake ni injini ya Metro 6R4, gari ya rali ya kundi B, ile kundi B ya miaka ya 80 iliyokuja kufungiwa kwa ukali wake. TWR, timu ya Tom Walkinshaw iliyokuwa inaendesha mbio za Jaguar, wakaichukua, wakaifunga tabo mbili, ikaenda kukimbia kwenye gari za mbio za XJR-10 na XJR-11 kabla haijaingia kwenye gari ya barabarani. Yaani watu walikuwa wanalalamika kupewa injini iliyotoka kwenye mbio! Na kuna sababu ya kiufundi kabisa: V12 ilikuwa ndefu na nzito na ingesumbua kwenye sheria za moshi, wakati V6 ni fupi, gari inakuwa nyepesi na uzito unakaa vizuri, na nguvu bado ni 542 hp. Mwaka huo huo wa 1992 dereva wa mbio Martin Brundle akaipeleka kwenye njia ya majaribio ya Nardò kule Italia, wakatoa vichujio vya moshi kwenye ekzosi, ikagonga kilomita 349 kwa saa. Silinda sita hizo, na ikahesabika ndo gari ya barabarani yenye spidi kuliko zote mpaka McLaren F1 ilipokuja.

Simaanishi haina kasoro. Ni pana mno, zaidi ya mita 2, urefu karibu mita 5. Haina ABS (mfumo wa kuzuia tairi zisijifunge ukikanyaga breki), stelingi yake haina pawa, na tabo zake ni za kizamani: unakanyaga mafuta, unasubiri, halafu nguvu yote inashuka kwa mpigo mmoja na hapo usukani uwe umeshanyooka. Ila hizo ni kasoro za gari ya zama zake. Aliyeikataa kwa sababu ya kuhesabu silinda aliikataa kabla hajaiwasha.

Ya pili ni Honda NSX ya kwanza, ile ya 1990. Hii hata leo mtu anakwambia "ah, Honda ile, V6, 270 hp, saivi hata gari ya familia inazo." Ni kweli namba ni ndogo. Ila gari hii ndo ya kwanza kutengenezwa kwa wingi ikiwa bodi na chesisi yote ni alumini, wakati ambao wengine wengi walikuwa bado wanachomelea chuma. Injini ni lita 3.0, imekaa katikati nyuma ya viti, ina mfumo wa vavu wa Honda unaoitwa VTEC, na fimbo za pistoni ni za titani ili ziwe nyepesi na injini ipande resi (mizunguko kwa dakika) mpaka 8,000 bila kujivunja. Ayrton Senna, bingwa wa Formula 1, aliijaribu kwenye sakiti ya Suzuka kule Japani wakati bado inatengenezwa, akawaambia bodi haijakaza vya kutosha, na Honda wakarudi kuikaza. Hilo watu wengi wanalijua. Wasilolijua ni kwamba Gordon Murray, aliyebuni McLaren F1, alisema mwenyewe kwamba baada ya kuendesha NSX aliziweka pembeni Ferrari na Porsche alizokuwa anazipimia, NSX ikawa ndo kipimo cha jinsi McLaren yake inavyotakiwa kutembea na kukaa kwenye kona. Moja ya gari ghali zaidi za wakati wake ilisomea kwa Honda!

Ngoja nikuelezee kwa karibu kidogo. Ukikaa ndani ya NSX kitu cha kwanza ni kwamba unaona nje. Honda walitazama kibanda cha rubani wa ndege ya F-16, dashibodi iko chini, nguzo za kioo cha mbele ni nyembamba, boneti inaanguka mbele yako hivyo unaiona barabara karibu na tairi. Fimbo ya gia ni fupi, mkono unasogea kidogo tu na gia imeingia. Weka gia ya pili, kanyaga taratibu, chini kule injini ni ya adabu kabisa, unaweza kumpeleka bibi yako hospitali. Ikifika kama 5,800 VTEC inabadilisha jinsi vavu zinavyofunguka, sauti inatoka kwenye mngurumo inaenda kwenye mlio, na kutoka hapo mpaka 8,000 unasikia kila kitu nyuma ya shingo yako. Gari za wakati huo ukitoka nazo safari ya masaa mawili mgongo unauma, klachi imekuchosha mguu na nyuma huoni kitu, halafu watu wakasema NSX haina roho kwa sababu haikutesi. Mi hilo silikubali hata kidogo. Kutokukutesa ni kazi ngumu sana ya uinjinia, ugumu wa kuendesha sio ushahidi wa ukali.

Lexus LFA nayo ina historia ya kusikitisha ila imeishia vizuri. Toyota, ambao Lexus ni nembo yao, walianza kuitengeneza kwa alumini, wakiwa wameshaenda mbali tu wakaamua hapana, wakaanza upya kwa kaboni faiba (nyuzi za kaboni, nyepesi na ngumu), na ikumbukwe Toyota asili yao ni mashine za kufuma nguo, kwaiyo walitengeneza wao wenyewe mashine ya duara ya kufumia nguzo za kaboni. Injini ni V10 ya lita 4.8 waliyoifanya na Yamaha, 552 hp, inapanda mpaka 9,000. Inapanda haraka kiasi kwamba kutoka injini ikiwa imewashwa tu bila kukanyaga mafuta mpaka 9,000 ni sekunde 0.6, mshale wa kawaida wa resi haukuweza kuifuata ikabidi waweke wa kidijitali. Sauti nayo ilishughulikiwa na watu wa Yamaha wanaotengeneza vyombo vya muziki, njia za hewa za injini zikapangwa ili mlio uingie ndani kwa dereva. Zilitengenezwa 500 tu, kutoka 2010 mpaka 2012, bei dola 375,000, na watu wakacheka: nani atalipa hela hiyo kwa Lexus? Kuna zilizokaa kwa wauzaji Marekani miaka kadhaa baada ya kiwanda kuacha kuzitengeneza, mpya kabisa, hazijaguswa. Giaboksi yake ya klachi moja ilipigwa sana mawe na kwa kiasi fulani ni haki, inabadilisha gia kwa kukushtua. Ila leo aliyeicheka anaitafuta kwa bei kubwa kuliko ile ya mwanzo na hapati. Kwaiyo LFA siiweki tena kwenye orodha ya zinazodharauliwa sasa, naiweka kama ushahidi.

Ambayo bado inadharauliwa mpaka leo hii ni McLaren MP4-12C ya 2011. Ilitoka wakati Ferrari 458 Italia ndo kila mtu anaililia, na kusema ukweli 458 ni gari nzuri mno, V8 isiyo na tabo, 9,000 resi, mlio wake unakutoa machozi. 12C ikaja na V8 ya lita 3.8, tabo mbili, sauti ya kawaida, sura ya upole, jina kama namba ya faili ofisini. Waandishi wakasema imepoa, imetengenezwa na kompyuta, na neno hilo likaing'ang'ania mpaka leo.

Sasa tuangalie kilichoko chini. Chesisi yake ni kipande kimoja cha kaboni faiba chenye uzito wa kilo 75 tu, kitu ambacho kabla ya hapo ulikipata kwenye gari za bei kubwa zaidi yake. Springi na shokapu: gari ya kawaida ina chuma kinachounganisha tairi ya kulia na ya kushoto ili isilale kwenye kona, tatizo ni kwamba chuma hicho hicho tairi moja ikiingia kwenye shimo kinaivuta na ya pili. 12C hawakukiweka kabisa, wakaunganisha shokapu zote kwa mabomba ya haidroliki, hivyo kwenye kona presha inaikaza gari isilale na kwenye barabara mbovu kila tairi inajitegemea. Matokeo yake supakaa ya 592 hp inapita kwenye lami iliyochakaa kwa ulaini wa sedani kubwa ya kifahari. Na kuna mfumo wa kuigusisha breki tairi ya nyuma ya ndani ya kona ili pua ya gari igeuke, wazo lililotoka kwenye gari yao ya Formula 1 ya 1997 iliyokuwa na pedali ya ziada ya breki, ikapigwa marufuku 1998 wapinzani walipolalamika. Halafu 2012 walivyoongeza nguvu ikafika 616, waliokwisha nunua ya zamani wakaongezewa bure. Gari ya hivyo mtu anakwambia haina roho kwa sababu ya sauti?

Sasa swali lako la pili, raha iko wapi.

Spidi kubwa ni sehemu ndogo mno ya raha. Kilomita 300 kwenye barabara nzuri iliyonyooka utaisikia mara moja, mara ya pili ni kelele za upepo tu. Kinachomfanya mtu aipende gari ni muda kati ya wewe kuomba kitu na gari kukujibu. Unasogeza usukani nusu inchi, je pua inageuka sasa hivi au inafikiria kwanza? Unagusa mafuta katikati ya kona, je tairi za nyuma zinakuambia zimeshika au unagundua zimeteleza wakati umeshachelewa? Injini kukaa katikati kazi yake ndo hiyo, uzito mkubwa ukiwa karibu na kitovu cha gari inakuwa rahisi kugeuka na rahisi kuacha kugeuka, tofauti na uzito ukiwa umetupwa puani kabisa. Bodi kukaza nako ni hivo hivo, na hapa watu wengi wanachanganya: bodi ikiwa ngumu ndo springi zinaweza kuwa laini, kwa sababu chesisi haijipindi na kuharibu mahesabu ya tairi. Ndo siri ya NSX na ndo siri ya 12C. Gari inayokugonga kila tuta wakati mwingine inaficha bodi legelege.

Na vyote hivi unavisikia ukiwa kwenye 60, kwenye 80, kwenye kona ya kushuka mlima au ukitoka kwenye mzunguko wa barabara. Kwa kweli ukinibana nitakwambia nguvu nyingi inapunguza raha ya barabarani. 12C inatoka sifuri mpaka 100 kwa sekunde 3.3, na gia ya pili peke yake inakuvusha hiyo 100, kwaiyo kwa spidi halali injini umeitumia kidogo tu halafu unatakiwa uachie. NSX na 270 zake inapanda taratibu zaidi, unapata muda wa kuisikia na kuitumia. Na kumbuka spidi ikiongezeka mara mbili nishati ya gari inaongezeka mara nne, na umbali wa kusimama kwa breki ni hivo hivo, mara nne, hamna breki ya kaboni inayobadilisha hiyo hesabu. Breki za kaboni faida yake kubwa ni kuvumilia joto mzunguko baada ya mzunguko. Ukitaka kuimaliza gari ya 600 hp nenda sakiti, kuna mtu wa bendera, kuna nafasi ya kukosea.

Gari za umeme nazo zimemaliza ubishi wa namba. Rimac Nevera ina zaidi ya 1,900 hp, na Tesla Model S Plaid, sedani ya milango minne yenye nafasi ya mizigo, inaziacha supakaa nyingi za petroli kwenye taa. Ukiwa ulipenda Ferrari kwa sababu ya sekunde za sifuri mpaka 100 basi huna tena sababu. Mi nadhani ndo maana watu wameanza kuzirudia gari kama NSX na LFA na kuziangalia upya, namba zimekuwa rahisi, sasa wanatafuta kile kingine.

Nyingine za kuzitazama, kwa haraka. Audi R8 ya mwanzo yenye V8 ya lita 4.2 na gia ya manyuo (unabadilisha mwenyewe kwa mkono na klachi), ile ambayo fimbo inapita kwenye bamba la chuma lililochongwa njia, watu waliiita Audi tu, ila ni ndugu wa damu wa Lamborghini Gallardo na inaendeshwa kila siku bila kelele. Corvette C8, walioipeleka injini katikati toka 2020, na Z06 yake ina V8 ya lita 5.5 isiyo na tabo, 670 hp, inapanda mpaka 8,600, ingekuwa na nembo ya Italia bei ingekuwa mara mbili. Na Noble M600 ya Uingereza, V8 ya Yamaha na Volvo iliyofungwa tabo mbili, mpaka 650 hp, haina ABS. Hiyo ni ya mtu anayejua anachofanya kwa mguu wake wa kulia.

Kama unafikiria kununua siku moja, jua kwamba gari iliyoshuka bei haijashuka gharama ya matunzo. 12C bei yake imeporomoka ila vifaa vinavyotunza presha ya haidroliki kwenye shokapu vinazeeka na kuvibadilisha ni hela ndefu, muulize muuzaji vimebadilishwa lini na akuonyeshe karatasi. NSX za manyuo za 1991 na 1992, baadhi yake zina ringi ndani ya giaboksi inayoweza kuvunjika, namba ya giaboksi inakuambia kama yako imo. Bodi ya alumini ikigongwa sio fundi yeyote anaiweza, tafuta rekodi ya ajali kabla hujatazama rangi. Gari iliyotembea kilomita nyingi na kuhudumiwa kila mwaka inunue, iliyofungiwa gereji miaka kumi na kilomita chache iogope, sili za mpira zinakauka na mafuta yanachacha humo humo.

Na kama unataka chaguo langu moja kwa moja: kwa kuendesha, NSX ya kwanza ya manyuo, sina haja ya kufikiria. Kwa kununua sasa hivi, kati ya gari ambazo watu bado hawajazishtukia, 12C yenye karatasi kamili za huduma, na kama haidroliki inakutisha chukua R8 V8 ya manyuo, hautalala njiani.